Fulana Haifanyi Klabu

Msomaji kijana, ukivuka kivuko cha Likoni ukaishika barabara ya kusini, ukapita Waa na Tiwi, ukafika Ukunda, kisha ukaendelea mpaka Gazi, Msambweni na Ramisi hata Lungalunga mpakani, hutakosa kuona viwanja vya mpira. Kila kijiji kina chake: kimoja kimesawazishwa vema, kingine ni mchanga mtupu wenye milingoti ya boriti za mikoko. Jua likipunguza ukali wake, vijana hukusanyika hapo na gozi huanza kupigwa. Jambo hili ni la kushukuriwa, maana vijana wanaocheza pamoja hujenga afya, na pamoja na afya hujenga urafiki.

Lakini uliza katika kijiji chochote katika hivyo, "Klabu yenu iko wapi?" Aghalabu utaletewa fulana. Utaambiwa fulana hizi zilitolewa na mheshimiwa fulani, zile na mwenye hoteli fulani, na zile nyingine na mfanyabiashara aliyekuwa akitafuta jina. Uliza tena, "Wanachama wenu ni wangapi? Katiba yenu i wapi? Hazina yenu ina kiasi gani? Nani aliwachagua viongozi wenu, na lini?" Hapo utakuta kimya. Mimi ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kusahihisha. Basi sina budi kusema wazi kwamba hesabu hii tumeikosea. Fulana haifanyi klabu. Sisi watu wa Kwale tutaendelea kuwa watazamaji wa klabu za wengine mpaka tutakapokubali gharama ya kuwa na klabu zetu wenyewe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Timu ni watu kumi na mmoja wanaocheza leo. Klabu ni chama cha watu wenye daftari la majina, katiba, hazina na viongozi waliochaguliwa. Nacho hubaki hata wachezaji wa leo wakizeeka, na hata waanzilishi wake wakifa. Timu ni dafu, klabu ni mnazi. Aliyepewa dafu hunywa mara moja akalitupa kumbi lake. Aliyepanda mnazi hunywa yeye, wakanywa wanawe, na wajukuu wake wakauza nazi. Pwani yetu imepewa madafu mengi sana, nayo imepanda minazi michache.

Yamkini utanijibu kwamba klabu kubwa za dunia ziliundwa na matajiri, na sisi hatuna matajiri. Jibu hili husikika sana katika vibanda vya video vya Ukunda, ambavyo hufurika watu Jumamosi jioni, mashabiki wa Manchester United upande huu na wa Arsenal upande ule. Natamani kila anayelipa kiingilio katika vibanda hivyo angejua habari za asili ya klabu anayoishangilia. Manchester United ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, nayo ilikuwa timu ya wafanyakazi wa reli. Arsenal ilianza mwaka 1886, nayo iliundwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Woolwich, London. Hawa walikuwa watu wa nyundo na jasho, wenye mishahara midogo na siku chache za mapumziko. Matajiri walikuja baadaye, mti ulipokwisha kuota mizizi na kuonyesha dalili ya matunda.

Tena matajiri hao hawakuja kila mara kwa heri. Mwaka 2005 familia moja ya Marekani, Glazer, iliinunua Manchester United, na sehemu kubwa ya fedha za kuinunulia ilikuwa mkopo ambao mzigo wake ulitwikwa klabu yenyewe. Baadhi ya mashabiki walikasirika wakaondoka, na mwaka huohuo wakaunda klabu yao ndogo, FC United of Manchester, ambayo kila mwanachama ana kura moja, awe na fedha nyingi au kidogo. Watu hao waliishi katika mji wa klabu mashuhuri kupita karibu zote duniani, wakaona ni afadhali kumiliki kidogo kuliko kushangilia kikubwa cha mwingine. Sisi tulio mbali maelfu ya maili tungali tunagombana na majirani zetu kwa ajili ya mali ya watu wasiojua kama Msambweni ipo.

Tuje karibu na kwetu. Dar es Salaam, klabu ya Young Africans, yaani Yanga, iliundwa mwaka 1935, wakati wa utawala wa Mwingereza. Mwaka uliofuata baadhi ya watu walijitenga nayo wakaunda klabu nyingine, ambayo ilijulikana miaka mingi kwa jina la Sunderland, na mwaka 1971 ikajiita Simba. Klabu hizi mbili ni vyama vya wanachama. Moja ina makao yake Mtaa wa Jangwani na nyingine Mtaa wa Msimbazi, na matawi yao yameenea nchi nzima. Sitakuficha aibu zao: zimegombana, zimepelekana mahakamani, zimepata viongozi wema na wabaya, na zimewategemea wafadhili kupita kiasi. Walakini zimeishi. Wakoloni walikuja kuondoka, serikali zikabadilika, wafadhili wakafilisika, nazo zipo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyohiyo.

Angalia pia jinsi Simba ilivyompokea tajiri. Mabadiliko yake yalipojadiliwa, mwaka 2017, mwekezaji aliwakuta wenye mali mezani. Mkutano wa wanachama ndio uliokaa ukaamua, na mpango uliokubaliwa ulikuwa mwekezaji apate hisa asilimia 49, na wanachama wabaki na asilimia 51. Unaweza kuupinga mpango huo au kuusifu; hoja yangu ni nyingine. Mwenye nyumba humkaribisha mgeni na kumwonyesha pa kukaa. Asiye na nyumba hukaribishwa na mgeni, na hukaa anapoambiwa.

Sasa tutazame pwani ya Kenya. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na mwaka 1965, ligi ikiwa changa bado, ubingwa wake ulikuja Mombasa kwa klabu ya Feisal. Vijana wa leo wengi hawalijui jina hilo. Klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Kenya nzima haimo tena katika ligi kuu, na sifa zake zimebaki katika vinywa vya wazee vibarazani. Na sisi wa Kwale, tuliopakana na mji huo kwa upana wa maji ya kivuko, hatuna hata kumbukumbu ya namna hiyo: soma orodha ya mabingwa wa Kenya tangu mwanzo hata leo, hutakuta jina la klabu yoyote ya kwetu.

Iliyobaki kuibeba bendera ya pwani ni Bandari. Chimbuko lake ni timu ya mwaka 1960 ya kampuni ya kushughulikia shehena bandarini, iliyoitwa LASCO. Baadaye ikaja kuitwa Cargo, na katika miaka ya 1980 ikachukua jina la Bandari, chini ya mamlaka inayosimamia bandari ya Mombasa. Klabu hii inastahili sifa. Ilitwaa kombe la taifa mwaka 2015 na tena mwaka 2019. Na katika safari yake ya Afrika mwaka huo wa 2019 iliwatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan na kisha Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kusimamishwa na Horoya ya Guinea. Kijana wa Diani mwenye kipaji huvuka maji kuitafuta, na hakuna ubaya.

Lakini tuitaje kwa jina lake: hiyo ni klabu ya mwajiri. Mwajiri akipenda huiongezea, akipenda huipunguzia, na haki hiyo ni yake kwa kuwa mali ni yake. Mtu wa Kwale anaweza kuishangilia mpaka sauti ikamkauka, asiwe na kura hata moja katika mambo yake. Simlaumu mwenye klabu kwa kuwa na klabu. Namlaumu asiye nayo, anayedhani kwamba kuazima kivuli cha mti wa jirani ni sawa na kupanda wake.

Wako wanaosema, "Basi nasi tutafute kampuni itulee." Nawauliza wakumbuke historia ya nchi yao wenyewe. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa tegemeo la vijiji vingi. Kikafungwa mwaka 1988, na kila kilichokuwa kimeegemezwa juu yake kilianguka pamoja nacho. Baadaye yalikuja machimbo ya titani katika nchi ya Nguluku na Maumba. Mchanga wake ulianza kusafirishwa ng'ambo kupitia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukaisha mwezi wa Desemba 2024, kwa sababu madini nayo yana mwisho. Kampuni huja kwa faida na huondoka faida ikiisha. Hiyo ndiyo tabia yake, wala si dhambi. Dhambi ni yetu tukiijenga nyumba ya wajukuu wetu juu ya mkataba wa miaka kumi.

Mfadhili wa siasa ni mwepesi zaidi kuondoka kuliko kampuni. Unaujua mwendo wake. Uchaguzi ukikaribia, hutangazwa mashindano ya kombe lenye jina la mheshimiwa. Timu hugawiwa fulana zenye picha yake kifuani, mipira miwili, na mbuzi kwa mshindi. Vijana hukimbia juani kwa wiki tatu wakiwa mabango yenye miguu. Kura zikishahesabiwa, kombe husahaulika, akiwa ameshinda au ameshindwa. Naijua timu moja ya kijiji ambayo mfadhili wake aliposhindwa katika uchaguzi alituma mtu kudai fulana zake. Zilirudishwa, zimefuliwa na kukunjwa vizuri, jozi nzima. Hakuna aliyepinga, maana hakuna aliyekuwa na hati ya kuonyesha kwamba zilikuwa mali ya timu. Hata jina la timu lilikuwa lake! Jumapili iliyofuata wachezaji walewale, wenye vipaji vilevile, walikaa chini ya mwembe hawana timu.

Wako wanaopinga hoja hii kwa sababu tatu, na haki ni kuzisikiliza zote.

Sababu ya kwanza ni umaskini. Husemwa kwamba watu wetu hawana fedha za ada. Tupige hesabu kama tunavyopiga darasani. Watu 300, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa mwezi, hufanya shilingi 15,000 kwa mwezi, na shilingi 180,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazitamleta mchezaji kutoka Ulaya. Lakini zitanunua mipira, zitalipa nauli ya mechi za ugenini na posho ya refa, na zitaweka sanduku la dawa kando ya uwanja. Tena fedha hizo zitakuwa zetu, na hapana atakayekuja kuzidai zikiwa zimefuliwa na kukunjwa. Mtu asiyeweza kutoa shilingi 50 kwa mwezi yupo, naye tumwache atoe kazi: afyeke uwanja, apake chokaa mistari, ashone nyavu. Kijiji cha wavuvi hakikosi mtu wa kushona nyavu.

Na anayesema kwamba watu wa Kwale hawawezi kuendesha mali ya pamoja, na aende Gazi. Huko watu wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi uitwao Mikoko Pamoja, uliozinduliwa mwaka 2013. Miti hiyo huhifadhi kaboni, na walio mbali hulipia uhifadhi huo. Nayo kamati iliyochaguliwa na wanakijiji husimamia fedha, na zimetumika kuleta maji na kusaidia shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vukia Wasini, utawakuta akina mama wa kisiwa wakisimamia njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na kutoza kiingilio. Watu wanaoweza kuiwekea hesabu miti na mawe ya bahari, watashindwaje kuuwekea hesabu mpira?

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Husemwa, "Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wananchi, na bado zimetaabika." Ni kweli. AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia mwaka 1968. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuikabili Espérance ya Tunisia, sifa ambayo klabu nyingine ya Kenya haijaipata. Hata hivyo, mwaka 2019 kampuni moja ya kamari ilipoondoa udhamini wake, klabu hizo mbili ziliyumba kama mashua iliyokatika tanga. Lakini nini kiliziyumbisha? Zilikuwa na mashabiki wengi mno, na wanachama wenye kulipa ada wachache mno. Shabiki hujaza uwanja siku ya furaha na kurusha lawama siku ya huzuni. Mwanachama hulipa siku zote mbili, na kwa hiyo husikilizwa siku zote mbili. Mfano huu haunipingi, unanisaidia. Unaonyesha kwamba hata jina kubwa na historia ndefu havimwokoi asiyekuwa na daftari la ada.

Sababu ya tatu ni wizi. Watu husema kwamba mweka hazina atakula fedha. Huenda akajaribu. Lakini mwivi hupenda giza, na dawa ya giza ni taa. Hesabu ya kila mwezi na ibandikwe ukutani mahali pa wazi, isomwe kwa sauti mkutanoni, na fedha zitolewe benki kwa sahihi za watu watatu. Sheria nayo ipo: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka Msajili wa Michezo, na klabu hujiandikisha kwake ikiwa na katiba. Klabu iliyosajiliwa inaweza kushtaki na kumiliki mali. Timu ya fulana haiwezi kumshtaki hata aliyeiba mpira wake.

Imebaki neno la nani awe mwanachama. Kwale ni nchi ya Wadigo na Waduruma, ya Wasegeju na Washirazi, ya Wakamba wa Shimba Hills, na ya watu wengi waliokuja kufanya kazi katika hoteli za Diani wakazaa na kulea hapa. Klabu itakayomwuliza mtu babu yake alitoka wapi itakufa kabla ya msimu wa pili, na itastahili kufa. Na imwulize maswali mawili tu: je, unaishi nasi, na je, umelipa ada yako? Wala maswali hayo yasiwe ya wanaume peke yao. Dada zetu hucheza kandanda leo, na wengi wao huandika hesabu vizuri kuliko kaka zao. Klabu itakayowapa kazi ya kuchota maji ya wachezaji na kuwanyima kura itakuwa imejikata mguu mmoja kabla ya mechi kuanza.

Msomaji, huenda unajiona mdogo wa kuyafanya haya. Mimi nakuona wewe ndiwe ufaaye zaidi. Wazee wetu wana busara ya kutosha kuongoza chama, lakini wengi hawakupata bahati ya kukaa darasani miaka uliyokaa wewe. Wewe unajua kuandika kumbukumbu za mkutano, kujumlisha na kutoa, kuisoma sheria ukamfafanulia asiyeisoma. Elimu yako italipwa karo na kijiji. Ni haki kijiji nacho kipate faida yake. Usingoje kumaliza masomo, wala usingoje mheshimiwa. Nunua daftari la kurasa 96. Katika ukurasa wa kwanza andika jina la klabu, na jina hilo liwe la mahali, lisiwe la mtu. Katika ukurasa wa pili piga mistari ya majina, tarehe na ada, kisha andika jina lako na utoe shilingi zako 50 mbele ya mashahidi. Nenda kwa jirani naye afanye vivyo hivyo. Watakapotimia thelathini, iteni mkutano, mchague viongozi na mtunge katiba.

Mkishafika hapo, mtu akija na fulana, zipokeeni kwa shukrani, mwandikieni risiti, na mziingize katika orodha ya mali ya klabu. Akikataa risiti, mrudishieni fulana zake siku hiyohiyo, mkacheze vifua wazi.